Kuku Mwekundu na Kisu Kilichokosa Mwanamume

Kuku mwekundu wa Muhsina alitaga yai kubwa kama ngumi ya mtoto, kisha akatoka kiotani akiburura kitu cha waridi nyuma yake, kama aliyesahau kupandisha suruali. Wenzake wakamwandama wakimdonoa papo hapo. Kuku hawana haya.

Muhsina alimnyakua, mwanawe akiwa mgongoni ndani ya leso. Mkwewe, Bi Mwanafatuma, alichungulia mara moja, akarudi jikoni, akatoka na kisu.

"Huyo anakufa. Achinjwe kabla hajawa kibudu."

"Mama, ni njia ya yai iliyotoka nje. Hurudishwa."

"Hurudishwa na nani? Na wewe?"

Ustadhi akiulizwa husema hata mwanamke anaweza kuchinja. Bi Mwanafatuma hakuwa na shida na ustadhi, ila kuku wake huchinjwa na mwanamume, awe mwanamume wa namna yoyote. Asubuhi ile wanaume wa kijiji chao, Majoreni, walikuwa baharini. Akatoka barabarani na kisu mkononi kutafuta mmoja. Wa kwanza kumwona alibadilisha njia.

Muhsina alikuwa na muda huo tu. Mayai ya kuku huyu ndiyo aliyomwanzishia mwanawe chakula. Alimwosha kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, akanyunyiza sukari pale palipovimba ili uvimbe unywee, kama alivyoona kwa shangazi yake kule Matuga.

"Sukari ya chai yangu hiyo," akamwambia kuku. "Usinitie aibu."

Akapaka vidole mafuta ya nazi, akasukuma polepole. Kuku naye akasukuma kurudisha nje. Muhsina hakumlaumu, yeye mwenyewe alipokuwa akijifungua, mkunga alimwambia asisukume, akasukuma.

"Pumua, dada."

Kikaingia, kikatoka tena. Safari iliyofuata kilikaa, akakishikilia kwa kitambaa safi mpaka kuku akalegea.

Nje pikipiki ikazimwa. Ni Swabir, mwendesha bodaboda wa njia ya Vanga, ametekwa na Bi Mwanafatuma.

"Yuko wapi mgonjwa?" Swabir akauliza.

Bi Mwanafatuma alimgeuza kuku, akamkagua matako kama anayechagua kitambaa dukani. "Kimeingia."

"Kimeingia, mama. Sasa akae peke yake penye giza, asidonolewe, apumzike kutaga. Na machicha asipewe tena."

Machicha ya nazi yalikuwa sadaka ya Bi Mwanafatuma: kila akimaliza kukamua tui, aliwamwagia kuku kwa bismillahi.

"Machicha yangu yamefanyaje?"

"Yamemnenepesha. Mafuta yamejaa tumboni, yai halina pa kupita. Tuwape majani, tuwasagie na magamba ya chaza wapate nguvu ya kusukuma."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemng'oa matako."

Swabir aligeukia pikipiki yake. "Na mimi nimemwacha abiria njiani kwa ajili ya mzazi huyu."

"Tumemnenepesha sote, mama," Muhsina akasema taratibu.

Bi Mwanafatuma alimtazama kuku, akakitazama kisu, kisha akamwona jogoo juu ya rundo la kuni.

"Swabir mwanangu, hukuja bure. Nishikie yule."

"Yule ana kosa gani, mama?"

"Hajataga hata siku moja," akasema Bi Mwanafatuma, "na machicha amekula kuliko wote."