Fidla Iliyotangulia

Ipo siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka mpaka leo nnainuka kitini nikazunguka chumbani.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Maskati. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Asubuhi karani wizarani, mtaa wa Al Khuwair, jioni napiga fidla katika okestra. Nilikuwa situlii. Nikiwa kazini roho iko kwenye fidla, nikiishika fidla roho iko Ulaya.

Basi akaja Bibi Anahit, Muarmenia aliyepiga fidla katika kumbi kubwa za dunia miaka arubaini. Alikuja kwa onyesho moja tu, nami nikapewa kazi ya kumchukua hotelini kwa gari yangu. Nikasema moyoni: huyu ndiye atakayenitoa hapa, anipeleke Ulaya.

Kwenye mazoezi nikataka anione. Nikapiga kwa pupa, nikawatangulia wenzangu. Bibi Anahit akashusha upinde.

"Nani anakimbia?"

Tukarudia, nikakimbia tena. Kiongozi wetu akamgeukia Salma, aliyekaa ubavuni kwangu, akidhani ni yeye. "Salma, onyesho hili utapumzika." Salma akanitazama. Alijua. Nami, Mungu anisamehe, nikajifanya natafuta ukurasa.

Garini, nikimrudisha hotelini, sikuweza kuomba lile nililolipanga. Nikasema, "Bibi, aliyekimbia ni mimi."

"Nilisikia tangu mwanzo," akanijibu kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Nilipokuwa na umri wako nilishinda mashindano makubwa. Ukumbi mzima ulinipigia makofi, isipokuwa mwalimu wangu. Akanambia, 'Umeshinda, lakini hukumsikia mtu yeyote.' Nilimkasirikia mwaka mzima. Halafu nikarudi kwake, nikaanza upya, noti moja moja, kama mtoto. Kazi yangu yote ilianzia hapo." Akanigeukia. "Na haya uliyonambia, si mimi wa kuambiwa."

Sikula, sikukaa. Niliendesha mpaka Sidab, kwao Salma, nikaizunguka nyumba mara tatu kabla ya kupiga hodi. Mama yake akafungua. "Karibu mwanangu, pita," na ukarimu ule ukaniuma kuliko matusi. Salma alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho kayaseme mbele ya wote," akasema.

Nikayasema. Salma akarudishwa kitini. Mimi nikatolewa, na usiku wa onyesho nikamsikiliza Bibi Anahit kutoka viti vya nyuma kabisa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia muziki bila ya kujitafuta ndani yake. Nililia.

Ulaya sikwenda. Baada ya miezi kadhaa nilirudishwa, nikapiga ubavuni kwa Salma miaka mingi, naye ndiye aliyenifunza kusubiri zamu yangu.

Mwanangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukikosea, sema mapema, na umwambie uliyemkosea. Usitafute mwengine wa kukupoza moyo. Pale usipojua, kiri hujui, maana mficha uchi hazai. Pupa yako nnaiona. Hata mimi uzee haujaniondolea yangu.

Mungu akutulize roho, akupe masikio kabla ya sifa, na popote utakapokaa, mwenzio wa ubavuni akae kwa amani. Amin.