Maziwa ya Adoyo Yaliyokataa Kuganda

Nataka niwaambie habari za Adoyo, mke wa Kiptum, jirani yangu hapa juu ya Mogogosiek. Na nikisema mursik, maziwa yetu ya kuganda, msifikirie yale ya pakiti. Mursik ya kibuyu ina nguvu. Marehemu mzee wangu alimaliza kibuyu asubuhi moja, akang'oa visiki vitatu vya mkaratusi kwa mikono, na cha nne kikang'oka chenyewe kwa woga.

Adoyo si wa kwetu kwa kuzaliwa. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kazi ya kiwandani, na Kiptum akamwona msichana pale kwenye mizani ya majani chai. Alipoolewa hakujua hata kushika kibuyu. Mama mkwe wake, Rebeccah, ndiye aliyemfundisha: kukisugua ndani kwa kijiti cha ukindu, kuchoma tawi la mti wa senetwet mpaka liwe kaa jekundu, kulisagia ndani hadi kibuyu kiwe cheusi na kinukie moshi, kuchemsha maziwa, kuyapoza kabisa, kumimina, kufunga, kisha kuacha.

"Kuacha ndiyo ngumu, Kogo," Adoyo alikuwa akiniambia, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Mkono unataka tu kufungua."

Sasa ni miaka kumi na moja. Watoto wake watatu hawajui kuumwa tumbo, na mursik yake, inaniuma kusema, ilikuwa tamu kuliko yangu.

Mwaka huu Rebeccah akashikwa na taifodi. Alirudi kutoka hospitali akiwa mifupa na kitambaa cha kichwa. Ugali alikataa, chai alitapika. Kitu kimoja tu kilikaa tumboni: mursik ya Adoyo, kikombe asubuhi na kikombe jioni.

Basi maziwa yakachagua wakati huo kukataa. Adoyo alifungua kibuyu siku ya tano akakuta maji maji, machungu, yenye harufu ya kutisha. Akamwaga. Kibuyu cha pili vilevile. Cha tatu alikuja kukifungulia kwangu, machozi karibu.

"Kogo, nimekosea wapi?"

Mimi na huu mdomo wangu. "Labda maziwa imesikia omena, samaki ya kwenu, kwa mikono yako," nikasema, na nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alicheka kidogo tu. Kesho yake nikaurudia mzaha huo kwenye mizani ya majani chai, nikauongeza chumvi, maana wasikilizaji walikuwa wengi.

Jumapili, nje ya kanisa, haukuwa mzaha tena. Mikono ya Adoyo imeharibika, watu walisema, mambo ya kwao ziwani yamemrudia. Rebeccah, njaa ikimkwaruza, akampigia simu binti yake Chepchirchir aliyeolewa Sigor: aje Jumamosi amchukue, yeye na vibuyu vyote vinne. Kwetu mama mkwe akikunyang'anya vibuyu alivyokupa, amekutoa jikoni. Adoyo alilijua hilo. Alivisugua vyote, akavipanga ukutani vimngoje mwenyewe.

Ijumaa nikafungua kibuyu changu. Maji maji. Machungu. Na mimi samaki sijawahi kushika.

Nikakaa chini. Ng'ombe wa Kiptum yuko karibu kuzaa, hakamuliwi, na kwa wiki tatu Adoyo amekuwa akichukua maziwa kwetu. Nikamwita mwanangu Kiplimo, mtu mzima mwenye ndevu.

"Ng'ombe iko na nini?"

"Iko sawa, mama."

"Kiplimo."

Akakuna shingo. "Chuchu moja ilifura. Daktari akaidunga, mara mbili. Alisema tumwage maziwa mpaka dawa iishe."

"Na ukamwaga?"

"Siku ya kwanza nilimwaga. Mama, ndoo nzima! Inauma. Nikasema ikichemshwa, dawa itaenda na mvuke."

"Na mgonjwa iko kwa hiyo nyumba, Kiplimo!" Mengine niliyomwambia, mchungaji asiyasikie.

Jumamosi nilipofika, Chepchirchir alikuwa anafunga vibuyu kwa leso. Rebeccah yuko kwenye kiti uani, majirani wamesimama. Adoyo yuko karibu na mlango, ameweka mikono nyuma ya mgongo kama mtu aliyeambiwa aifiche. Hiyo mikono ndiyo ilinimaliza.

"Wacha hivyo vibuyu," nikasema. "Makosa ni ya ng'ombe yangu. Ilidungwa sindano, dawa ikaingia kwa maziwa, ikakataa kuganda."

Wakaangua kicheko. "Kogo ameanza!" Chepchirchir akasema. "Kesho utasema iliendesha pikipiki mpaka Bomet."

"Huu ni ukweli!"

"Ndio, ndio. Keti basi, utuambie mwisho."

Haijawahi kunipata. Nasema kweli, na hakuna anayeichukua. Nikarudi nyumbani, nikachukua kibuyu changu na Kiplimo, kibuyu kwa kamba, Kiplimo kwa shati. Mwanamke wa umri wangu hamwagi mursik mbovu mbele za watu. Afadhali ateleze matopeni na nguo ya kanisani. Hata hivyo nikarudi, nikaimimina yote kwenye sufuria, miguuni pa Rebeccah. Chepchirchir akaziba pua.

"Hii ni ya mkono wangu," nikasema. "Na huu mkono ulizaliwa hapa hapa."

Kiplimo akaeleza habari ya sindano, macho chini. Hakuna aliyecheka.

Rebeccah aliinama, akanusa sufuria. "Chepchirchir," akasema, "fungua leso. Vibuyu ni vya Adoyo."

Adoyo akavichukua kimoja kimoja. Kisha akanigeukia, bila tabasamu.

"Kogo, kule chini kwa Onsongo kuna ng'ombe mzima. Nenda unichukulie lita mbili. Na ukipita kwa mizani, uwaambie."

Mwanamke mdogo anamtuma mzee kama mimi! Nikabeba mtungi, nikateremka. Mizani ilikuwa imejaa wachumaji. Nikasimama katikati yao, nikaeleza yote, na safari hii sikuongeza hata chembe.

Kwa siku tano Rebeccah alikunywa mursik aliyokuja nayo Chepchirchir, akilalamika kila kikombe. Siku ya sita Adoyo alitikisa kibuyu chake, akakifungua, akamimina taratibu. Ilitoka nzito, ya kijivujivu, yenye harufu nzuri ya moshi. Rebeccah alikunywa yote bila kupumzika, akanyoosha kikombe aongezwe.