Mguu wa Ndege Haugongwi Kama Chungu

Nakumbuka siku moja kiwanjani Singida, mwanangu, nikiwa msichana ninayejifunza ufundi wa ndege ndogo, maneno mengi kuliko ujuzi. Ndege ilikuja kumchukua kijana wa Ihanja aliyeangukiwa na ukuta wa kisima. Mgongo wake usingestahimili barabara. Wakati wa kutua gurudumu likaingia shimoni, hivyo Mzee Ramadhani, mwalimu wangu, akaniagiza nitazame mguu wa ndege kama umepata ufa.

Nikachukua spana, nikagonga. Chuma kikalia vizuri. Mama yangu alichagua vyungu kwa kuvigonga hivyo hivyo sokoni Mungaa, na hakuwahi kurudi na kibovu.

"Mzima," nikasema. Mama wa mgonjwa akaanza kunishukuru.

Mzee hakupandisha sauti. "Binti, mama yako akishagonga chungu, hufanya nini?"

"Hutia maji, Mzee, akapiga soga na muuzaji. Kikitoka jasho, hanunui."

"Sasa wewe mbona umeishia njiani?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Tukaosha matope, tukapaka rangi nyekundu ile inayopenya hata kwenye ufa usioonekana, tukangoja. Yule mama akanisogelea. "Mwanangu, mtoto anaumia. Mwacheni aende." Ilinichoma, maana kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, na ningeifuta rangi mapema, kabla haijapenya, hakuna ambaye angeona kitu. Nikangoja. Tulipofuta na kupulizia unga mweupe unaoivuta nje rangi iliyojificha ufani, mstari mwekundu ukajitokeza juu kidogo ya gurudumu, mwembamba kama unywele.

Rubani aliuangalia, akaenda kuita ndege nyingine kwa redio. Ikafika jua halijazama. Yule kijana leo ana wajukuu, na mama yake, mpaka anaingia kaburini, aliniita fundi wa vyungu. Nami niliitika.

Haraka haraka haina baraka, hilo umelisikia tangu unanyonya. Wanasema pia usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi mafundi wa ndege, nawe sasa u mmoja wetu, mwanangu, huko juu hatuna ukuta wa kujenga. Kwa hiyo ukirithi busara ya wazazi, irithi yote, usichukue ile nusu nyepesi. Kugonga kila mtu anaweza. Kungoja huku mama wa watu anakulilia usoni, hiyo ndiyo kazi, na usiombe radhi kwa kuifanya.

Mungu akupe jicho la kuona na moyo wa kungoja. Na kila utakayemruhusu apae, atue salama kwa watu wake.