Susu Amelazwa Tena

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu hapa Migwani wana shamba, wengine duka. Mimi nina kiti. Mbele ya kiti kuna kompyuta ya mitumba, na nyuma yangu huketi susu, nyanya yetu, akichambua ndengu na kuniuliza hiyo mashine itaiva lini.

Dadangu husuka vyondo, vile vikapu vya kubebea begani, na akina mama wa kanisa letu. Mnunuzi mmoja wa Makindu alitaka kuona kazi yao kabla ya kuagiza, na dadangu akawaahidi akina mama kwamba ningeiweka yote kwenye ukurasa mmoja, ionekane kwa simu. Wasiporidhika, kazi ya kuongea na mnunuzi ingepewa mtu mwingine. Dadangu aliitaka sana. Sikumwelewa, ni kazi ya kutoka nje.

Mtandao wa kwetu huja ukipenda, kwa hivyo kompyuta yenyewe ingekuwa seva. Unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaingia kwenye folda yenye ukurasa na picha, unaandika python3 -m http.server, unabonyeza enta. Simu zilizoshika hotspoti yangu zikiandika anwani ya kompyuta, zinauona ukurasa. Bando hailiwi.

Wakaja akina mama wanne kuukagua kwanza. Kwetu mgeni haonyeshwi kitu kabla ya chai, kwa hivyo niliinuka, nikamimina, nikarudi mbio na kuandika ile amri. Kuingia kwenye folda nikasahau.

"Naona majina tu," mwenyekiti wao akasema. "Vyondo viko wapi?"

Seva ilikuwa imewafungulia faili zangu zote.

"Hii inaitwa Visingizio," mwingine akasema, akaigusa, akasoma kwa sauti. "Harusi ya mwanakwaya: susu amelazwa. Harambee ya paa: susu amelazwa tena. Mkesha wa vijana: susu, macho."

Niliiandika nisije nikarudia. Wote wakamgeukia susu, aliyekuwa akitafuna mkate.

"Nililazwa wapi?" akauliza.

"Hata sisi tungependa kujua, susu," mwenyekiti akasema. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Dadangu hakucheka. Alikuwa ananiangalia tu.

Nikaizima seva, nikaingia kwenye folda, nikaiwasha upya. Vyondo vikatokea. Kicheko kikaisha, wakaanza kukuza picha kwa vidole, wakihesabu mistari ya rangi.

"Hii ni kazi," mwenyekiti akasema. "Dadako ataenda Makindu." Kisha akanigeukia. "Na hii kitu inafanya tu mahali kompyuta iko?"

"Ndiyo, mama. Lakini dada anaweza kuibeba."

"Utaibeba wewe, kijana. Mgonjwa tutamwangalia."

Alhamisi tulikuwa Makindu. Niliingia kwenye folda kwanza, nikawasha, nikakaa pembeni. Dadangu akaongea karibu saa nzima, kila chondo na aliyekisuka, hadi mnunuzi akaomba kalamu aandike oda. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.