Barua Iliyokaa Geita

Swali la kwanza nililoulizwa nilipokwenda kuomba nafasi ya chuo cha ualimu lilihusu ng'ombe.

"Kwenu wameshaleta ng'ombe wangapi?"

Aliyeuliza alikuwa mzee wa baraza la mtemi, mwenye koti jeusi na fimbo aliyoilaza juu ya meza. Upande ule wa meza walikuwa watatu, katika ofisi moja ya bomani Shinyanga: yeye, mama mmoja wa Kizungu wa idara ya elimu, na mkaguzi wa shule, Mwafrika mwenzetu, aliyewekwa pale atafsiri. Mimi nilikuwa nimesimama. Kiti kilikuwepo, ila hakuna aliyeniambia nikae.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni. Kwa wiki tatu nilikuwa nikijifunza majibu: kwa nini nataka ualimu, hesabu za sehemu, majina ya mito, hata namna ya kumsalimu Mzungu. Siku ile mimi na mama tulitoka kijijini kwetu Samuye alfajiri kwa miguu, viatu nimevishika mkononi visichafuke, nikavivaa tulipofika karibu na reli. Mama akabaki nje ya ofisi. Halafu naulizwa ng'ombe.

"Hawajaleta, mzee," nikasema. "Sijaposwa."

"Utaposwa tu. Sasa serikali ikusomeshe wewe, halafu mwanamume wa Kahama aje akuchukue na elimu yetu?"

Akacheka. Mkaguzi akacheka naye. Yule mama wa Kizungu akatabasamu bila kujua anachotabasamia, kwani mkaguzi alimwambia kwa Kiingereza kwamba mzee ananiuliza habari za nyumbani. Kiingereza nilikuwa nakisikia. Damu ikanipanda. Nikamgeukia yule mama, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule, taratibu, neno baada ya neno, kwamba sivyo, mzee ameniuliza nimeshatolewa mahari ya ng'ombe wangapi.

Mkaguzi akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mama wa Kizungu akamtazama, kisha akanitazama mimi, na ndipo usaili wenyewe ukaanza. Akaniuliza ningefanyaje na darasa la watoto sitini na kitabu kimoja. Nikamjibu. Akanipa ukurasa nisome, nikausoma. Baadaye nikapelekwa chumba cha pili, ambako muuguzi alinilaza kwenye meza akanibonyeza tumbo kuona kama sina mimba. Mlango aliuacha wazi, na watu wakawa wanapita barazani. Wavulana waliofanyiwa usaili siku ileile hakuna aliyewabonyeza chochote. Niliwauliza.

Kabla sijaondoka, mkaguzi alijaza fomu yangu. Alipofika kwenye anwani ya mzazi, nikamwambia barua zetu hupitia ofisi ya baraza, Samuye.

"Baba yako yuko wapi?"

"Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Huu mwaka wa tatu."

"Mzazi ni baba," akasema, akaandika anwani ya mgodi.

"Lakini mama ndiye yuko nyumbani."

Hakuinua hata kichwa. Akakausha wino, akaita jina la msichana mwingine.

Ndivyo tulivyoanza kungoja. Niliamini kwamba barua ikifika Geita, baba angeituma nyumbani, kwa hiyo kila siku ya barua nilikwenda barazani. Karani alikuwa amenizoea kiasi kwamba alitikisa kichwa kabla sijafika mlangoni. Pamba ikapasuka, tukaanza kuchuma. Kutwa nzima niko shambani na kikapu, akili iko kwenye lile gunia la posta. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akija kutusaidia, na kila akija anauliza kwa sauti ya kunihurumia, "Bado tu?" Mara ya tano au ya sita nikamwambia, "Bado, shangazi, na ukiuliza tena itakuwa bado." Mama alinikemea kwa kumjibu hivyo, lakini yeye mwenyewe nilimwona akiuma mdomo asicheke.

Kilichoniumiza zaidi ni nilivyojigeukia mwenyewe. Nilianza kusema moyoni kwamba nimejikosesha. Kwa nini nilifungua mdomo? Kwa nini sikumwacha mzee acheke zake? Ningetabasamu, ningeinama, leo ningekuwa chuoni. Msichana wa miaka kumi na sita nikawa najilaumu kwa kusema kweli mbele ya watu wazima watatu.

Siku moja tukiwa bado shambani, gari la misheni likasimama njiani. Akashuka sista mkuu wa shule yangu ya zamani, aliyekuwa akitoka kuwaona wagonjwa vijijini. Alikuja moja kwa moja kwangu, uso umemwiva.

"Wewe, kwa nini hukwenda chuoni?"

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Masomo yana wiki tatu tangu yaanze," akasema. "Jina lako lilikuwa la pili kwenye orodha. Walimwandikia baba yako."

Mama aliweka kikapu chini. Kesho yake asubuhi tulikuwa kituo cha treni, mimi na yeye, na mabaki ya pamba bado yamemganda kwenye kanga. Hakuwahi kupanda treni kabla ya siku ile. Tulikwenda hadi Mwanza, tukavuka maji, tukadandia lori la mizigo mpaka Geita, na njia nzima nadhani alisema mara mbili tu, zote kuniuliza kama nimekula.

Tulimkuta baba kambini kwa wachimbaji, ametoka zamu, vumbi la mwamba limemfanya mweupe mpaka kwenye kope. Alipotuona alishtuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Barua ya mtoto iko wapi?" mama akamuuliza.

Hakujifanya hajui. Aliingia ndani, akafungua sanduku lake la bati, akaitoa. Ilikuwa imekunjwa vizuri, imefungwa ndani ya shati lake la Jumapili. Ilikuwa kwake tangu miezi miwili nyuma, wakati wa kwenda ulikuwa bado mwingi.

"Karani wa hapa alinisomea," akasema. "Inasema, mlete binti yako tarehe fulani. Mlete! Mimi hapa asubuhi naambiwa shuka, jioni naambiwa panda. Naambiwa kaa, naambiwa simama. Nikasema hili moja sitaambiwa na mtu. Binti ni wangu, na hakuna aliyeniuliza."

"Na yeye nani alimuuliza?" mama akasema. "Wewe ulimuuliza?"

Baba akanitazama. "Ng'wanone, mwanangu, mwakani nafasi zitakuwepo."

Nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia, "Baba, miezi miwili nimejiona mjinga. Ungeniambia tu kwamba umekataa, ningejua nimkasirikie nani."

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kujipangusa vumbi kwa kiganja. Nilimwelewa. Nilikuwa nimepita pale langoni na kuona msimamizi anavyowafokea watu wa umri wake kama mbwa. Lakini kumwelewa hakukunipoza hata kidogo. Waliomwamrisha walikuwa wengine, na aliyelipizwa nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa chini ya mkono wake.

Mama aliichukua barua, akaitia kifuani. Tulirudi kesho yake. Sista aliandika chuoni, akajibiwa kwamba nafasi yangu wamempa mwingine, nirudi kwenye usaili mwaka ufuatao. Nikarudi. Mzee ni yuleyule, fimbo ni ileile, na swali la ng'ombe ni lilelile.

"Uliniuliza mwaka jana, mzee," nikasema. "Jibu halijabadilika. Niulizeni la ualimu."

Safari hii fomu ilijazwa mbele ya mama. Aliingia ofisini bila kuitwa, akasimama nyuma ya mkaguzi mpaka akamwona anaandika anwani ya misheni, ingawa yeye mama hakujua kusoma. Alinifanya nimsomee kabla hatujatoka. Barua ikaja kwa wakati wake, nikaenda, nikawa mwalimu.

Watu hutaka niseme kwamba mwishowe nilimsamehe baba. Alipoacha kazi ya mgodi akarudi Samuye, kifua kimeharibika, aliwaambia wageni, "Huyu mwalimu nimemsomesha mimi." Mbele ya watu nilinyamaza. Siku moja tuko wawili tu nikamwambia, "Baba, hukunisomesha."

Akaomba maji ya kunywa. Nikampelekea, nikangoja amalize, nikachukua kikombe, nikarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wangu.