Siku Mombasa Waliposoma Orodha Yangu Hadi Mwisho

Nilikuwa nimeapa nitazikwa na mkasa huu, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa Tana waliusikia kwa masikio yao na nusu nyingine wakasimuliwa ukiwa umeongezwa chumvi, afadhali niuandike mwenyewe. Aibu ni yangu, basi angalau niivae ikiwa imepigwa pasi.

Ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino, Garsen imezungukwa na maji, na mimi nilikuwa karani katika ofisi ya msaada, na elimu yangu ya kidato cha nne na cheti changu cha kupiga chapa nilichosomea Malindi, na mwanangu Jillo wa miezi minane mgongoni (maana ofisi haikuwa na mahali pa kumlaza isipokuwa juu ya magunia, na magunia yana panya). Mkubwa wetu tulimwita Mratibu. Ndivyo alivyotaka kuitwa na kila mtu, nadhani hata na mkewe.

Binti yangu wa kwanza, Neema, miaka minne, alikuwa kijijini Hewani kwa mama yangu. Nilimpeleka kutembea wiki moja tu, mto ukapanda, barabara ikaliwa, na wiki moja ikawa tano. Mtu mmoja aliyetoka huko kwa mtumbwi aliniambia wanachemsha maembe machanga na kuyala na chumvi, na sasa chumvi nayo imeisha. Hayo nilikuwa nayo kifuani kila asubuhi nilipokaa mbele ya mashine, kwa hiyo msiniulize kwa nini nilikuwa na hasira.

Chakula kilikuja kwa helikopta, na helikopta ilipakiwa kufuata orodha ya vijiji tuliyoituma Mombasa kwa kompyuta kila Alhamisi kabla ya saa kumi jioni. Ukikosa Alhamisi hii, ungoje Alhamisi ijayo. Halafu saa kumi na moja Mombasa huturudishia ile orodha kwa redio kol, neno kwa neno kama ilivyowafikia, vituo vyote vikisikiliza kuanzia Madogo hadi Kipini, na kituo kilichoituma kikikubali hujibu "Sahihi." Usiposema sahihi, orodha imekufa, hakuna gunia linalonyanyuliwa. Ndiyo maana Alhamisi jioni dirisha la ofisi yetu lilijaa vichwa, wakulima, wafugaji, akina mama, kila mmoja anataka kusikia kijiji chake kikitajwa.

Alhamisi iliyotangulia mkasa wangu, Hewani haikutajwa. Mratibu aliiacha kwa sababu kwenye ramani yake ya ukutani aliona iko mbali na mto, umbali wa upana wa kidole, akasema, "Hao hawajafikiwa na maji." Nikamwambia nina mtoto huko. Akasema, "Mama Neema, hii ni kazi ya kitaalamu." Nilipigana naye wiki nzima, sijui kama nilimshinda au nilimchosha tu, lakini mwishowe akasema haya, iandike Hewani.

Sasa nije kwenye hiyo mashine. Tulianza na kompyuta kuukuu yenye skrini nyeusi na herufi za kijani, ambayo kwayo ulikuwa unaipigia Mombasa kwa simu, modemu inalia kama paka aliyekanyagwa, kisha unaandika na kila kitu kinakwenda sawa. Halafu wakatuletea mpya, ya madirisha, yenye rangi. Mratibu alifurahi mpaka akapigwa nayo picha. Lakini kule Mombasa kompyuta yao ilikuwa ya aina nyingine kabisa, wala si ya madirisha, na ile programu ya kuzungumza nayo ilianza visa siku ya kwanza: nikibonyeza kitufe cha kufuta, badala ya kufuta inaandika alama ya kikofia (^) na herufi H. Nafuta kosa moja, vinaota vikofia vitatu. Wiki moja kijiji cha Wema kilifika Mombasa kikiwa na vikofia sita, na msomaji wa redio, maskini, akavisoma vyote.

Nilishindana nayo siku tatu mpaka nikagundua ndani ya ile programu kuna mahali unachagua kitufe cha kufuta kipeleke alama gani, maana mashine hizi mbili hazikufundishwa na mwalimu mmoja. Nikabadilisha, vikofia vikakoma. Barisa, dereva wetu, Muorma mwenye mdomo mrefu kuliko fimbo yake, akaanza kuniita Fundi. Na mimi kichwa kikavimba. (Hapo ndipo pa kunihurumia, kama mnataka kunihurumia.)

Basi Alhamisi ile saa tisa na nusu niko kwenye laini, naandika barua ya orodha. Kijiji kwa kijiji, magunia, mafuta, maharagwe. Mstari wa mwisho nikaandika Hewani, nikaitazama, nikaona inapendeza. Ilibaki kuandika nukta peke yake kwenye mstari wake na kubonyeza Enter, maana kwa mashine ya Mombasa hiyo ndiyo njia ya kusema barua imekwisha, ipeleke. Lakini mimi Fundi nikajiambia, la, kwanza niihifadhi, isije ikapotea. Na kwenye mashine ya madirisha kuhifadhi ni kushika Kontrol na kugonga S. Nikashika, nikagonga.

Skrini ikaganda.

Nikabonyeza Enter, kimya. Nikaandika aaaa, hakuna kitu. Nikaandika jjjj, hakuna kitu. Taa za modemu zinawaka, laini haijakatika, lakini skrini imetulia tuli, Hewani yangu iko pale mwisho haisongi mbele wala nyuma. Nikamwita Mratibu. Akaja na kikombe chake, akaipiga ile skrini kofi ubavuni, akaangalia kama itajibu.

"Umeifanya nini?"

"Nimehifadhi tu."

"Nani alikuambia uhifadhi?"

Barisa akachungulia. "Kama ni gari ningesema hewa imeingia kwenye mafuta. Fundi, ipulizie."

"Barisa, toka."

Mratibu akaangalia saa yake. Akasema nisiizime, nisiiguse, nitaiharibu, ataiandikia Mombasa ilete mtaalamu. Nikamwuliza, na orodha? Akasema kama haijafika haijafika, tutatuma Alhamisi ijayo. Nikamwambia Hewani ilikosa hata wiki jana! Akasema, na haya maneno siyasahau, "Wiki moja si nyingi, Mama Neema." Kisha akaenda barazani kumalizia chai yake.

Nikabaki peke yangu na ile mashine iliyokufa na Jillo anayelia mgongoni, na kwa kuwa imekufa na kwa kuwa siwezi kumpiga mtu mzima na kikombe chake, nikamalizia hasira kwenye vitufe. Nikaandika yote. Niliandika kwa vidole kumi bila kuangalia, kama nilivyofundishwa Malindi, na haki ya Mungu sijawahi kuandika kwa kasi ile hata kwenye mtihani. Skrini haikuonyesha hata herufi moja, na hiyo ndiyo iliyonipa moyo. Nilipomaliza nikabonyeza Enter, nikagonga nukta kama mtu anayebamiza mlango, nikabonyeza Enter tena. Nikapangusa machozi na pua kwa leso ya mtoto, nikamnyonyesha.

Saa kumi na moja redio ikakohoa. Dirishani vichwa tele. Mratibu akashika mdomo wa redio, akajiandaa kueleza kuwa Garsen wiki hii haina orodha kwa sababu ya hitilafu ya karani. Kabla hajafungua kinywa, Mombasa ikaingia:

"Garsen, Garsen, hapa Mombasa. Orodha yenu tumeipokea. Nasoma."

Niliruka! Nilipiga kigelegele Jillo akashtuka akaachia ziwa. Kumbe imefika! Sikujiuliza imefikaje, nani hujiuliza. Akasoma, kijiji kwa kijiji, na watu dirishani wanaitikia, na yule msomaji ni mtu mwangalifu, kila jina analirudia. "Hewani, narudia, Hewani, magunia arobaini." Nikamtazama Mratibu kwa jicho la ushindi.

Kisha Mombasa ikasema: "Inaendelea. A, a, a, a. Narudia, a, a, a, a. J, j, j, j."

Nikamwambia Mratibu, "Mkatize!"

Kwa asiyejua redio kol: mwenzako akiwa amebonyeza kitufe anasema, wewe huwezi kumkatiza. Unaweza kupiga mayowe, unaweza kuula ule mdomo wa redio, yeye hakusikii mpaka amalize na kusema ova. Na yule bwana hakuwa na haraka.

"Kufa basi, shetani wewe. Narudia, shetani wewe. Mratibu hajui hata mashine inawashiwa wapi. Anachojua ni biskuti, narudia, biskuti, za watoto, anachovya kwenye chai."

Dirishani mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa ili wengine wasikie.

"Buti zake za mpira bado zina karatasi ya duka. Tangu mafuriko yaanze hajakanyaga maji, nadhani hata ya kuoga."

Hapo hakukuwa na wa kumnyamazisha mwenzake. Barisa alishika mlango kwa mikono miwili. Kila mtu akainama kuangalia buti, na Mratibu, sijui kwa nini, akauficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso kwenye kichwa cha mtoto, natafuta ardhi ipasuke, na ardhi ya Garsen wakati ule ilikuwa tope tupu, haipasuki.

"Hewani aliiacha kwa sababu kwenye ramani iko mbali na mto kwa upana wa kidole. Na kidole chake ni kinene. Neema wangu akifa njaa nitaileta maiti hapa mezani, yeye aipime kwa kidole hicho hicho." Hii msomaji hakuirudia. "Mwisho wa orodha. Garsen, thibitisha kama ilivyosomwa. Ova."

Hakuna aliyecheka. Mratibu alikuwa ameshika mdomo wa redio, jasho linamtoka, na wote tulijua hesabu ilivyo: akisema si sahihi, orodha imekufa yote, na Hewani yake na Wema yake, na vijiji vya hao waliosimama dirishani. Akisema sahihi, basi amekubali mbele ya Tana nzima, biskuti, buti na kidole.

Nikainua uso. Aibu ilikuwa imenijaa mpaka kooni, lakini nikamwambia, "Mzee, sema sahihi."

"Wewe mwanamke..."

"Nifukuze baadaye. Sema sahihi kwanza."

Mama mmoja dirishani, hata simjui ni wa kijiji gani, akasema taratibu, "Sema, baba."

Akabonyeza. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mvulana. "Sahihi. Kama ilivyosomwa. Ova."

"Roja, Garsen. Tunapakia asubuhi. Na huyo aliyeandika, kama skrini yake imeganda, ashike Kontrol agonge Q. Ova."

Halafu, kabla hatujapumua, sauti nyingine: "Mombasa, hapa Madogo. Tunaomba turudiwe sehemu ya biskuti. Ova."

Nikaenda kwenye mashine, watu wakinifuata mpaka ndani. Nikashika Kontrol, nikagonga Q. Skrini ikazinduka na maneno yangu yote yakamwagika, mstari juu ya mstari, kwa faida ya wale waliokuwa nyuma na hawakusikia vizuri. Barisa akawasomea wasiojua kusoma.

Baadaye mtaalamu alikuja akatueleza, na mimi nawaeleza bure: ile Kontrol na S kwenye mashine ya madirisha ni kuhifadhi, lakini ukiwa umepigia ile ya Mombasa maana yake ni "nyamaza kidogo." Nayo ilinyamaza, kwa adabu kabisa. Haikuziba masikio. Kila nilichoandika ilikuwa inakipokea.

Helikopta ilishuka Hewani Ijumaa asubuhi. Neema alirudi kwa mtumbwi maji yalipopungua, miguu myembamba, tumbo limejaa, na nilimshika sikumwachia mpaka akalalamika namuumiza. Kwa hiyo msidhani najuta yote.

Lakini aibu ni aibu. Mpaka leo nikipita sokoni kuna anayenyanyua kidole kunionyesha unene wake. Na nimeapa, hasira ikinishika, kabla ya kugusa kitufe chochote nitasimama nimwambie mtu usoni, nione akigeuka rangi, badala ya kwenda kuililia mashine nikidhani imekufa.

Mratibu hakunifukuza. Nadhani aliogopa ningeandika tena. Alinipa barua ya onyo, na kwa kuwa ofisi haikuwa na karani mwingine, ikabidi niichape mwenyewe. Niliichapa bila kosa, nikashika Kontrol nikagonga S, ikahifadhiwa bila taabu yoyote. Chini aliacha nafasi ya mimi kueleza ninachojutia, maana Mombasa walitaka nakala kwa njia ya kompyuta.

Nikawapigia Mombasa, nikaandika: "Ya kuoga naomba radhi, sina ushahidi. Ya biskuti, buti na kidole, kama ilivyosomwa."

Kisha nikaweka nukta, peke yake, kwenye mstari wake.