Majivu ya Bibi

Juzi niliteleza kwenye marumaru ya mwanangu huko Kiboriloni, nikaanguka kwa makalio mbele ya wajukuu. Sakafu inasuguliwa kila asubuhi kwa dawa yenye harufu ya malimau. Hivi ni nani aliyewaambia watu sakafu lazima ing'ae namna ile? Nikiwa pale chini, nyonga inauma na hasira zimenipanda, nikamkumbuka bibi yangu wa Marangu. Bado inaniudhi kwamba alikuwa sahihi.

Enzi za Mwingereza nilikuwa msichana wa darasa la sita katika shule ya misheni, najiona najua kila kitu. Mwalimu wetu alifunga tofali kwa kamba, akalivuta juu ya ubao mkavu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akaupaka ubao sabuni, tofali likaja bila ubishi. "Kile kilichokuwa kinalishika ni msuguano," alisema. "Ni nguvu inayopinga mwendo. Ipunguze, mzigo utakwenda." Somo la pili lilikuwa kesho yake. Sikulisikia, maana bibi alinizuia nyumbani nimenye ndizi za mbege, pombe yetu ya kienyeji.

Mbege ile ilikuwa ya posa ya kaka yangu. Kwetu huendi kuomba mchumba mikono mitupu, na mbege hubebwa kichwani, polepole, mpaka kwa wakwe. Masika yale njia ya kihambani, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa, ilikuwa tope tupu. Kila alfajiri bibi aliimwagia majivu ya jikoni, na kila alfajiri nilinung'unika, kwa sababu mbebaji wa majivu ni mimi.

Siku ya posa, bibi alipoingia ndani kuvaa, nikamweleza kaka habari za tofali na sabuni, kwamba mbege nayo ingeteleza yenyewe bila kubebwa. Sijui mjinga alikuwa nani, mimi niliyesema au yeye mtu mzima aliyesikiliza. Tulifagia majivu yote, tukatandika maganda mabichi ya shina la mgomba, tukaweka mtungi wa mbege juu yake, tukausukuma kidogo tu. Ulikwenda, tena vizuri. Nikamwambia kaka aukamate. Kaka naye akaenda, kwa mgongo, na wote wawili wakaishia kwenye mti wa kahawa. Kaka aliinuka. Mtungi ulikuwa vigae, na jasho la bibi la wiki nzima likaingia mferejini.

Bibi alitoka amejifunga kanga mpya. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. "Umeniondolea kilichokuwa kinanishika," alisema, akaenda kuchota majivu. Kilibaki kibuyu kimoja cha mbege jikoni. Alikiweka kichwani, akateremka peku, vidole vya miguu vikiuma udongo, sisi nyuma yake, kaka ana tope mpaka masikioni. Wakwe walionja, wakatazamana, halafu wakapokea. Wifi yangu alinicheka kwa habari hiyo mpaka uzeeni.

Jumatatu nikamuuliza mwalimu mbona hakutuonya. Akashangaa. "Ndilo lilikuwa somo la pili. Pasipo msuguano hutembei, wala husimami."

Juzi, pale sakafuni, niliwaambia wamwage majivu kabla sijainuka. Wajukuu wakacheka, nikawafokea. Mkwe wangu akanishika mkono taratibu.

"Mama, majivu tutayatoa wapi? Tunapikia gesi."